Kichwa Kimoja, Picha Mbili

Mpwa wangu alinijia hapa Morogoro Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, mwaka juzi, akiwa amevaa kofia, na hakuivua hata tulipoketi kula. Mimi ndiye niliyemlea tangu dada yangu alipofariki, na katika nyumba yangu watu hawali na kofia kichwani. Kwa hiyo nilijua kuna jambo, nikanyamaza nikamngoja. Chakula kilipokwisha na vyombo kuondolewa, alisema, "Mjomba, nimekuja na ombi. Naomba unikopeshe fedha." Kisha akaivua kofia, akaniwekea mezani kijitabu chenye kurasa za kung'aa.

Alikuwa na miaka 34 wakati huo. Nywele zilikuwa zimemtoka kuanzia pande mbili za paji la uso hadi utosini, kama zilivyonitoka mimi, na kama zilivyomtoka babu yake kabla yangu. Kwangu upara haujapata kuwa msiba. Shida yake pekee ninayoijua ni jua la saa nane. Lakini kila kizazi kina aibu zake, na sikuwa tayari kumcheka kijana aliyesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam na kofia kichwani njia nzima.

Kijitabu kilikuwa cha duka moja la urembo la huko mjini, ambalo sitalitaja, linalochora nywele kwenye ngozi ya kichwa. Nieleze kazi hiyo kwa kifupi, maana wasomaji wa rika langu huenda hawajaisikia. Mchoraji hutumia kifaa chenye sindano nyembamba sana, akadunga ngozi ya kichwa na kuacha humo maelfu ya vitone vya wino, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa shina la unywele ulionyolewa. Ukimtazama mtu huyo kwa umbali wa hatua mbili, unaona kichwa kilichonyolewa juzi, huoni upara. Kwa mwenye nywele chache zilizobaki, vitone hupunguza ule mng'aro wa ngozi unaochungulia katikati yake. Kazi hufanywa kwa vikao viwili, vitatu au vinne, vinavyoachana kwa wiki moja au zaidi. Haioteshi hata unywele mmoja. Ni mchoro tu, na mwenye kuchorwa anapaswa kulijua hilo kabla hajakaa kitini.

Sina ugomvi na kazi yenyewe. Mwanamke anapopaka wanja hatusemi kwamba amesema uongo kuhusu nyusi zake. Tena wapo watu walioungua moto wakabaki na makovu kichwani, wapo wanawake walionyofoka nywele za mbele kwa kusukwa na kukazwa miaka na miaka, na wapo wenye maradhi yanayoangusha nywele mabaka mabaka. Kama vitone vya wino vitamrudisha mtu wa namna hiyo kanisani, msikitini au harusini bila kilemba cha kujificha, mimi ni nani hata nimzuie? Ugomvi wangu ni na picha, kwa sababu ni picha zilizomtoa mpwa wangu Dar es Salaam. Hakuwa amesoma hata mstari mmoja wa maelezo.

Katika ukurasa wa nne kuna picha mbili za mwanamume mmoja. Juu ya moja pameandikwa KABLA, na juu ya nyingine BAADA. Katika ile ya kwanza bwana huyu ameinamisha kichwa. Taa iko juu yake moja kwa moja, na utosi unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu. Ndevu zimeota ovyo. Fulana imelegea shingoni. Midomo imeshuka, na ukuta wa nyuma ni wa njano iliyochakaa. Katika ya pili ameinua kidevu. Mwanga unamjia kutoka ubavuni, tena kwa upole. Ndevu zimechongwa zikanyooka kama zilizopigiwa rula. Shati ni jeupe, ukuta ni wa kijivu, na uso ni wa mtu aliyepandishwa cheo. Nilihesabu tofauti saba kabla sijafika kwenye nywele.

Nilimwuliza mpwa wangu, "Kimebadilika nini hapa?" Akajibu, "Nywele, mjomba." Nikamwuliza, "Na nini tena?" Akatazama, akataja shati, akataja ndevu. Taa hakuiona mpaka nilipoweka kidole mahali kivuli kilipoangukia.

Nilisahihisha mitihani kwa zaidi ya miaka thelathini, na msahihishaji hatimaye hupata pua ya kunusa jibu lililofika mwisho bila kupita njiani. Mwalimu wa sayansi humfundisha mwanafunzi kwamba akitaka kujua mbolea imefanya nini, asiipe mbegu moja mbolea na maji, na nyingine akainyima vyote viwili. Maneno hayo mawili, kabla na baada, yakiandikwa juu ya picha mbili, ni ahadi ya namna hiyo hiyo. Yanamwambia mtazamaji kwamba kila kitu kimebaki kilivyokuwa isipokuwa kile tunachokuuzia. Kumbe katika ukurasa wa nne kile kinachouzwa ndicho kitu cha nane.

Mambo ya mwanga yanastahili kuelezwa zaidi, maana hapo ndipo wengi wetu tunapopigwa. Ngozi ya kichwa isiyo na nywele ina mafuta, nayo hurudisha mwanga kama kioo. Taa ikiwekwa juu, upara huongezeka bila unywele kuanguka. Taa ikiwekwa pembeni, au mtu akipelekwa karibu na dirisha lenye pazia, upara hupungua bila dawa. Poda kidogo huua mng'aro wote. Nywele chache zikilowa maji hushikamana vifungu vifungu na ngozi ikaonekana. Zikikauka na kuchanwa hutawanyika zikaifunika. Kamera ya simu ikisogezwa karibu sana na uso, paji hutanuka. Ikirudishwa nyuma, paji hurudi mahali pake. Hakuna kati ya haya ambalo ni kughushi picha kwa kalamu au kwa mashine. Kila picha, ikichukuliwa peke yake, ni ya kweli, na mpiga picha anaweza kuapa hivyo mbele ya hakimu. Uongo umekaa katika ile nafasi nyembamba nyeupe kati ya picha moja na nyingine.

Halafu kuna suala la siku. Picha nyingi za "baada" hupigwa mteja akiwa bado kitini, kwa kuwa akishaondoka ni vigumu kumrudisha. Siku hiyo vitone ni vyeusi kuliko vitakavyokuwa, na ngozi imevimba kidogo kwa kudungwa. Katika siku na wiki zinazofuata magamba madogo huanguka na rangi hupungua; ndiyo sababu kazi yenyewe hupangiwa vikao zaidi ya kimoja. Baada ya miaka kadhaa hufifia zaidi, hasa kwa mtu wa juani, na huhitaji kuongezwa. Kwa hiyo picha ya siku ya mwisho ya kazi ni picha ya kitu ambacho mteja hatakuwa nacho mwezi ujao. Ni kama kumpima mtoto uzito akiwa ametoka mezani na mifuko imejaa mahindi.

Jambo hili la rangi na wakati silizungumzi kwa kusoma tu. Nilipoanza kazi nilipangiwa kusini, mkoa wa Mtwara, na huko Newala niliwaona wazee wa Kimakonde waliochanjwa usoni ujanani. Chale zilikatwa kwa kisu kidogo na kusuguliwa masizi meusi. Lakini mtu akiwatazama uzeeni haoni weusi wa masizi, anaona rangi inayoelekea buluu. Mwenzangu aliyefundisha fizikia alinieleza kwamba rangi nyeusi iliyozama ndani ya ngozi huimeza ile sehemu nyekundu ya mwanga, na ile ya buluu hutawanywa njiani ikarudi machoni petu. Ndiyo maana hata mishipa ya mkono huonekana hivyo. Wazee wale hawakudanganywa na mtu. Walichukua alama zao kwa fahari, na kila kijana aliyengoja zamu yake alikuwa na babu mbele ya macho yake, mwenye alama zilizokwisha kuzeeka. Mteja wa duka la mjini hana babu wa namna hiyo. Ana kijitabu. Sindano ikizama mno, au wino ukiwa hafifu, vitone vyake vitatanuka na kugeuka rangi ya buluu, na kuvifuta kwa leza ni gharama nyingine na maumivu mengine.

Nilikipitia kijitabu chote. Kilikuwa na jozi kumi na mbili, na tisa kati ya hizo zilikuwa za watu weupe, ambao ngozi yao haiambii lolote ngozi ya mpwa wangu. Weusi wa wino juu ya ngozi nyeupe ni habari moja, na juu ya ngozi nyeusi ni habari nyingine. Isitoshe, ngozi zetu huelekea zaidi kuota yale makovu yanayofura zinapojeruhiwa. Kwa hiyo zilibaki jozi tatu.

Hapa nataka kuwa mwadilifu, kwa sababu moja ya hizo tatu ilikuwa picha nzuri kweli, nzuri kwa maana ninayoitetea. Ilikuwa katika ukurasa wa tisa, imebanwa chini pembeni, ndogo kama stempu mbili. Mwanamke mwenye kovu la moto juu ya sikio la kushoto. Ukuta ni ule ule, mwanga ni ule ule, sikio liko mahali pale pale, hata hereni ni ile ile. Uso hautabasamu wala haununi. Katika picha ya pili kovu halijatoweka. Bado unaliona likipita kama kinjia katika nyasi, ila sasa macho yako hayaendi huko kwanza. Nilimwambia mpwa wangu kwamba kama angekuwa amenionyesha ukurasa huo peke yake, ningekuwa nimekwisha toa fedha. Ilinishawishi kuliko zote kwa sababu ilikubali kwamba kazi iliishia mahali fulani. Lakini mwenye duka hakuithamini, ndiyo maana aliibana pale chini.

Msomaji asidhani hila hizi zililetwa na simu za kisasa. Mbili ninazozikumbuka zaidi zilifanywa na watu waliolea na kufundisha watoto, jambo ambalo lilinikosesha raha nilipolisoma. Katika miaka ya 1870 jijini London, Thomas Barnardo, aliyekuwa na makao ya watoto maskini, aliuza kadi za picha mbili mbili: mtoto akiwa na matambara siku ya kupokewa, na mtoto yule yule akiwa safi, kazini. Fedha za kadi zilisaidia makao. Mwaka 1877 tuhuma dhidi yake zilifikishwa mbele ya baraza la usuluhishi, na ikadhihirika kwamba baadhi ya picha hazikuwa kumbukumbu ya hali ya mtoto alivyofika, zilipangwa. Utetezi wake ulikuwa kwamba mtoto mmoja aliwakilisha kundi zima. Baraza lilimwondolea lawama nyingi kubwa, lakini picha hizo za kutunga lilizikemea.

Ya pili ni ya Marekani. Mwaka 1879 afisa wa jeshi Richard Henry Pratt alifungua huko Carlisle, Pennsylvania, shule ya bweni ya kuwafanya watoto wa makabila ya wenyeji wa nchi hiyo wawe kama wazungu. Kijana wa Kinavajo aliyeitwa Tom Torlino alipigwa picha alipofika mwaka 1882 na tena mwaka 1885, na mpiga picha John Choate. Katika ya kwanza ana nywele ndefu, hereni, mkufu na blanketi. Katika ya pili nywele zimekatwa, amevaa suti, na uso wake ni mweupe kuliko ulivyokuwa. Huenda miaka mitatu ya kukaa ndani ilichangia; lakini mwanga na usafishaji wa picha vinaweza kufanya hivyo alasiri moja. Picha hizo mbili zilisambazwa kama cheti cha shule. Hakuna aliyeulizwa kama kijana alikubali kuwa "kabla" ya mtu mwingine.

Niliposema zilinikosesha raha, nilikuwa na sababu. Mwaka 1994 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu, na wafadhili kutoka ng'ambo walikubali kutusaidia kukarabati bweni la wavulana, kwa sharti kwamba tuwapelekee picha ya bweni kabla ya matengenezo na nyingine baada yake. Bweni lilikuwa bovu. Paa lilivuja, madirisha mawili hayakuwa na vioo, na vitanda havikutosha. Lakini nilipochungulia katika kamera ya kukodi, niliona kwamba ubovu wetu haukutosha kwa picha. Nikaagiza vitanda vilivyovunjika vitolewe stoo na kuingizwa ndani. Nikaamuru vyandarua vishushwe na ndoo ya vifusi imwagwe sakafuni. Kisha nikawaambia vijana wawili waketi chini, kwenye mkeka. Mmoja wao aliniuliza, "Mwalimu, mbona sisi tuna vitanda?" Nikamjibu kwa sauti niliyoitumia paredi, naye akaketi.

Fedha zilikuja. Bweni lilikarabatiwa vizuri, na wafadhili waliandika barua ya shukrani iliyobandikwa ofisini kwangu mpaka nilipostaafu. Nimewahi kujitetea moyoni kwa maneno yale yale ya Barnardo kabla sijamjua Barnardo, kwamba haja ilikuwa ya kweli na vijana wale wawili waliwakilisha wengi. Lakini yule kijana alikuwa akijifunza ualimu kwangu, na siku ile nilimfundisha somo ambalo halikuwa katika muhtasari.

Njia ya haki ipo, na haihitaji utaalamu mwingi. Katika miaka ya 1990 ilipopimwa dawa ya vidonge ya finasteride kwa wanaume wenye upara, ile iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 1997, vichwa vilipigwa picha kwa utaratibu ule ule kila mara, na watu walitakiwa wasibadili mtindo wala rangi ya nywele. Picha zikatazamwa na waamuzi wasiojua nani alimeza dawa na nani alimeza kidonge kitupu, na nywele zikahesabiwa katika duara dogo la ngozi. Nchi nyingine zimeweka sheria. Marekani, tangu mwaka 2009, mwongozo wa matangazo haumruhusu tena mfanyabiashara kumwonyesha mteja mmoja aliyefanikiwa kupita kiasi, kisha akajikinga kwa maandishi madogo kwamba matokeo hutofautiana. Norway, tangu Julai 2022, tangazo lenye mwili au ngozi iliyorekebishwa kwa mashine lazima libandikwe alama ya kusema hivyo. Sheria hiyo ya Norway naipenda, ila taa iliyo juu ya utosi haimo ndani yake.

Nilimpeleka mpwa wangu uani. Saa sita mchana nilimpiga picha kwa simu yake mwenyewe, kichwa kimeinama, jua juu. Kisha nikamweka kwenye kibaraza, kidevu juu, mke wangu akampangusa utosi kwa poda ya mtoto, nikampiga ya pili. Dakika kumi zilipita kati ya picha hizo. Alipoziona pamoja alicheka sana, halafu akaacha kucheka. Ndipo nilipomsimulia habari ya bweni, ambayo sikuwa nimemwambia mtu isipokuwa mama watoto wangu.

Fedha nilimpa. Yeye ni mtu mzima, na alikuwa sasa anajua ananunua nini. Nilimwekea sharti moja tu, kwamba picha nitapiga mimi. Nikachora kwa chaki alama ya nyayo kwenye sakafu ya kibaraza, na nyingine mahali pa kusimama mpiga picha. Tukapiga ya kwanza saa tatu asubuhi, bila poda, bila tabasamu. Tulirudia siku ya pili baada ya kikao cha mwisho, tukarudia baada ya mwezi, tukarudia baada ya mwaka, saa ile ile, nyayo katika chaki. Pembeni mwa kila moja niliandika tarehe kwa mkono wangu.

Kazi waliyomfanyia ni nzuri, nakiri. Picha ya mwezi ni hafifu kuliko ile ya siku ya pili, na ile ya mwaka ni hafifu zaidi: ukingo wa mbele umelainika, na upande wa kulia pana sehemu kama ya kidole gumba ambayo vitone vimepauka. Hata hivyo kofia ameacha, na hilo ndilo alilolipia.

Mwezi uliopita duka lilimpigia simu kuomba picha zake kwa ajili ya kijitabu kipya. Aliniuliza afanye nini. Nikamwambia picha ni za kichwa chake, si changu. Akapeleka zote nne, akawaomba zichapishwe kwa safu moja na tarehe zake. Jumamosi iliyopita alikuja tena Morogoro, na baada ya kula alitoa bahasha mfukoni. Ndani yake zilikuwamo mbili, ile ya mwezi na ile ya mwaka. "Hizi wamezirudisha, mjomba," alisema. "Wanasema hazina mvuto."

Nimeziweka katika droo ya meza hii ninayoandikia, pamoja na ile ya bweni.